Mwenye Pombe Ameonja

Ndoo ilifika Jumanne, wiki nzima baada ya siku niliyoahidiwa. Boksi lilikuwa limeachwa mlangoni kwangu, hapa Richmond Hill. Ndani mlikuwa na ndoo nyeupe ya plastiki yenye bomba chini, mfuniko wenye tundu, kidude cha kutolea hewa, kopo la shira nzito ya shayiri, pakiti ya hamira isiyozidi kiganja, na karatasi ya maelezo kwa Kiingereza na Kifaransa. Niliagiza mtandaoni nikiwa nimekaa kwenye gari la kazi, mkono mmoja sandwichi, mwingine simu, nikiangalia picha tu. Kulikuwa na picha ya mzungu mwenye ndevu anacheka na glasi ya bia. Nikajisemea, kama huyu ameweza, mimi nitashindwa na nini?

Ndivyo nilivyo, sitaficha. Mimi ni fundi wa vigae. Niliingia nchi hii na begi moja, nikabeba mizigo kwenye maghala ya Malton mpaka mgongo ukalia, nikajifunza vigae kwa kumtazama Mreno mmoja ambaye hakutaka kunifundisha. Leo nina magari matatu yenye jina langu ubavuni. Shule niliachia darasa la sita. Nikikaa na wenye vyeti huwa nawakumbusha hilo, halafu nawakumbusha kwamba mabafu wanayooga nimeyatengeneza mimi.

Basi hata kabla boksi halijafika nilikuwa nimeshatangaza. Tuna kikundi chetu cha wanaume, watu wa Rombo tuliotawanyika katika jiji hili, na kwenye simu hakuna siku tusiyotaniana. Nikaandika kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi waje kwangu wote, watakunywa pombe niliyoipika kwa mkono wangu. Mmoja wetu ni mwalimu wa chuo, sisi tunamwita Msomi. Akajibu, "Fundi, pombe si vigae." Wenzake wakacheka. Nikawaambia waje na matumbo yao.

Karatasi ya maelezo sikuisoma. Niliifuata kwa picha. Picha ya kwanza sufuria, ya pili kopo linamiminwa, ya tatu ndoo, ya nne pakiti ya hamira. Mimi ni mtu wa kazi ya haraka. Nikachemsha maji, nikamimina shira, nikakoroga, nikaweka kwenye ndoo, na mvuke ukiwa bado unanipiga usoni nikapasua pakiti ya hamira nikaimwaga humo humo. Nikafunga mfuniko. Nikaishusha ndoo besmenti, chumba cha chini ya nyumba, nikaipiga picha na kuituma kwenye kikundi.

Kile kidude juu ya mfuniko kinawekwa maji kidogo, na pombe ikianza kufanya kazi hewa inapita humo ikitoa mapovu. Jumatano hakikutoa povu. Alhamisi hakikutoa. Ijumaa nilishuka mara tano kukitazama, kama mtu anayengojea kuku wake atage. Kwenye kikundi wakaniuliza inaendeleaje. Nikawaambia inachemka mpaka naogopa itabomoa nyumba.

Jumapili dada yangu akaja baada ya kanisa. Nina dada mmoja tu, amenizidi miaka minane. Anakaa Crescent Town, kwenye yale maghorofa, na anafanya kazi ya kutunza wazee. Alikuja nchi hii nyuma yangu, miezi ya kwanza nilimlaza kwangu, na jambo hilo nimelisema mbele za watu mara nyingi kuliko inavyostahili.

Alishuka besmenti kutuanulia nguo, akaiona ndoo. Akaweka kiganja ubavuni mwa ndoo, akainama akatega sikio, halafu akanitazama.

"Uliweka hamira shira ikiwa bado ya moto," akasema.

Nikamwambia ni utaratibu wa kisasa, picha zilionyesha hivyo. Akacheka kidogo.

"Mdogo wangu, umeiunguza. Humu hakuna pombe, kuna chai ya shayiri."

Hapo inabidi nieleze anakojulia mambo haya. Mama yetu alikufa mimi nikiwa na miaka saba, naye kumi na mitano. Mama alikuwa mpika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Wiki ile ile dada akaacha shule, akashika pipa. Alikuwa anachemsha ndizi, anaotesha ulezi, anausaga kupata kimea, anapika uji wake na kuchanganya, huku mimi nimekaa kwenye gunia natoa machozi ya moshi. Wanaume wazima walikuja kunywa kwa binti ambaye kichwa chake kilikuwa hakijafikia kizingiti cha juu cha mlango, na walikuwa wanamheshimu. Sare yangu ya shule ilitoka kwenye lile pipa. Daftari zangu pia. Nilipoiacha shule hakunipiga. Aliendelea kupika.

Huyo ndiye aliyesimama besmenti kwangu na kusema tusiimwage. Alikuwa na kimea nyumbani kwake, maana huwatengenezea watoto wa kanisani togwa, na ulezi wake huununua kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyezaliwa Tanga, anayepima huku anamtania kwa Kiswahili safi kuliko changu. Jumatatu, baada ya zamu yake, akapanda treni na basi mpaka kwangu na mfuko wa kimea kwenye mkoba. Akapika uji wa ulezi, akauacha upoe mpaka anaweza kuushika kwa kidole cha mwisho. Akaamsha hamira ya mkate kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu. Akaviingiza vyote kwenye ndoo, akaivika koti langu la kazi na kuisogeza karibu na mashine ya kupasha nyumba joto. Koti langu. Akalifunga na vifungo.

"Usiifungue," akaniambia. "Na usiipige picha."

Jumanne asubuhi kile kidude kilikuwa kinaongea. Nilikaa mbele yake kwenye ngazi na kikombe cha kahawa na nikafurahi sana. Nikatuma kwenye kikundi, "Inaongea."

Sasa, kwetu mbege hailetwi mbele ya wageni ikagawiwa hivi hivi. Aliyeipika anachota kwenye kata, kile kibuyu chenye mpini, anakunywa yeye kwanza watu wakimtazama, ndipo anasema karibuni. Hiyo ni kuonyesha haina ubaya ndani yake. Ni kuonyesha vilevile kwamba ni yake. Kila mtoto wa kwetu analijua hili kabla hajajua kufunga viatu.

Jumamosi walikuja wanaume wanane. Niliwatembeza nyumba nzima kwanza, bafu moja baada ya jingine, halafu nikawashusha besmenti. Dada alikuwa jikoni tangu asubuhi anapika ndizi na nyama, mke wangu akiwa kazini. Tulipokwisha kaa akashuka, amejifunga kitenge, na mkononi ana kata. Ilikuwa kata ya mama. Sikujua kama alikuja nayo nchi hii. Miaka yote ile alikuwa nayo Crescent Town na hakuwahi kunionyesha.

Akafungua bomba la ndoo, akaijaza kata nusu. Wanaume wakanyamaza wenyewe, mazoea ya nyumbani. Akageuka kutukabili na kuinua kata, na ilikuwa imeshakaribia midomo yake Msomi aliponiuliza kwa kicheko, "Fundi, lakini kweli hii umepika mwenyewe?"

Ningeweza kusema lolote. Ningeweza kucheka na kumwonyesha dada kwa kidole, na wangenitania mpaka jioni, yakaisha. Badala yake nilisimama. Nikasema hivi, maneno haya nayakumbuka moja moja: "Nani mwingine? Mimi hakuna mtu aliyewahi kunishika mkono. Kila kitu mnachokiona hapa nimejifundisha mwenyewe."

Na nilipokwisha kusema hivyo nikaona kwamba kata iko mkononi mwa mtu mwingine, na wanane wananitazama. Nikanyoosha mkono nikaichukua.

Hakuivuta. Hakuishikilia hata kidogo. Vidole vyake vilifunguka kabla vyangu havijafika. Nikanywa. Akanitazama nikinywa mpaka nikaishusha, halafu yeye mwenyewe akawageukia wageni.

"Mwenye pombe ameonja," akasema. "Karibuni."

Walikunywa ndoo nzima. Mmoja, mtu mzima anayeendesha malori, alifunga macho na kuuliza mbona ina harufu ya kwao. Nikamwambia hiyo ni siri ya fundi. Wakacheka. Dada alikuwa ameshapanda juu.

Alipomaliza kuosha vyombo nikamwambia nitampeleka. Akasema mimi nimekunywa, na basi lipo. Baadaye nilishuka kusafisha nikaikuta kata imeoshwa, imewekwa kifudifudi juu ya mfuniko wa ndoo. Nikampigia kumwambia amesahau.

"Sijasahau," akasema. "Kata hukaa kwa mwenye pombe."

Hatukugombana. Watu wanadhani ndugu wakikosana lazima pawe na kelele. Anapokea simu zangu, anauliza habari za watoto, Krismasi alikuja na keki. Ila tangu siku ile hajaniita mdogo wangu. Ananiita bosi, kama vijana wangu wa kazini wanavyoniita, kwa sauti ile ile ya heshima. Kila akisema hivyo natamani anitukane.

Ilinichukua mwaka na nusu kuagiza boksi la pili. Safari hii niliisoma karatasi. Niliiweka mezani nikaisoma kwa kidole, neno kwa neno, na nisilolijua nikamuuliza binti yangu, akanijibu kwa Kiingereza, nikamwomba aseme tena polepole. Imeandikwa pale wazi, mstari mzima, kwamba shira ipoe kwanza. Nikangoja ikapoa. Hamira ikaishi. Nikajaza chupa ishirini na tatu, nikazifunga vizibo, nikangoja wiki zote zilizotakiwa. Ilitoka bia safi ya rangi ya dhahabu, kama ile ya mzungu wa kwenye picha.

Sikuionja. Nikachukua chupa moja, nikaifunga kata kwenye taulo, nikaenda Crescent Town siku dada hana zamu ya asubuhi. Alinikaribisha, akanipa chai. Nikaweka vitu vyangu mezani na kumwambia nimekuja ili aonje yeye kwanza.

Akaiinua ile chupa kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii si umepika wewe?"

Nikasema ndiyo, lakini ile ya kwanza ilikuwa yake, na mimi nilikosa.

"Ilikuwa mbele ya watu," akasema. "Sasa wageni wako wapi, bosi?"

Sebuleni kwake tulikuwa wawili, na redio ya jirani. Nilirudi na chupa yangu na kata yangu.

Nikakaa na maneno yake siku kadhaa. Mara nne nilianza kurekodi sauti kwenye kikundi, na mara nne nikaifuta, maana kila nikianza nilijikuta naeleza kwanza jinsi nilivyo na shughuli nyingi. Mwisho nikaandika, kwa kidole kimoja: "Ile pombe mliyokunywa kwangu aliipika dada yangu. Yangu ilikufa. Na shule niliyosoma alinisomesha yeye kwa pombe. Nilisema uongo mbele yake."

Nilitegemea watanirarua. Nilitaka wanirarue. Wa kwanza kujibu alikuwa yule wa malori. Akaandika, "Tulijua, mzee." Mwingine akaandika, "Kimea kile ungekijulia wapi wewe?" Msomi alichelewa, akaja kuandika kwamba alimwona dada alivyoiinua ile kata, na alipouliza swali lake alidhani ananifungulia mlango nimtaje.

Jumapili iliyofuata nikarudi Crescent Town. Nilimkuta dada anavaa viatu, ana zamu ya mchana. Nikampa simu asome mwenyewe. Nilikuwa na moyo mwepesi kidogo, nakiri, kama mtu aliyekwisha lipa. Alisoma yangu, akasoma majibu yao, akarudi juu akasoma tena. Niliona midomo yake inatembea na maneno, kama yangu nilivyosoma ile karatasi. Sote wawili hatukusoma, lakini mimi ni kwa kupenda.

Akanirudishia simu.

"Basi wote walijua," akasema.

"Walijua, dada."

"Wakanywa, wakanyamaza." Akafunga kamba ya kiatu cha pili. "Mimi nilidhani ni wewe peke yako. Kumbe mlikuwa wengi."

Nikasema maneno, hata sikumbuki yapi. Nilikuwa nimeweka kata mezani kwake, bado ndani ya taulo, nikiwa na nia ya kuondoka bila kuitaja. Akachukua mkoba, akazima taa, akaangalia mezani. Akaiokota na kunipa, kwa mikono miwili, kama anavyompa kitu mtu mgeni.

"Usisahau kitu chako," akasema. "Na kama gari lipo, nipeleke kazini. Nimechelewa."

Nikampeleka. Njia nzima kata ilikuwa mapajani mwangu chini ya usukani, naye anatazama nje. Tulipofika alishuka, akasema asante, akafunga mlango polepole, mlango wenye jina langu. Sikuondoka mpaka alipoingia ndani.

Chupa ishirini na tatu zipo besmenti hadi leo. Hakuna aliyeonja.