Mama Husema "Nzuri" Hata Akiumwa

Admin, nifiche vizuri, kaka yangu anasoma huu ukurasa. Mimi ni dada wa miaka 34, Mkenya, nalinda jengo moja kule The Pearl hapa Doha, na ninaishi Al Wakrah. Roho yangu haitulii. Hata kwenye basi la kampuni nashikashika simu tu.

Mama yuko nyumbani Kenya, ana presha na sukari. Kaka alimwandikisha uanachama kwa daktari wa kibinafsi: tunalipa ada, mama hapangi foleni, na kila wiki daktari anampigia. Mama anaringa naye kanisani, "daktari wangu" hapa, "daktari wangu" pale. Lakini si mnawajua wazazi wetu! Daktari anauliza, "Habari yako, mama?" Mama anajibu, "Nzuri sana, daktari." Basi, simu inakatwa, na sisi tunaambiwa anaendelea vyema.

Mwenzangu wa chumba akanielekeza kwa nesi mmoja mstaafu huko nyumbani. Huyu hatibu, wala hakuna hospitali inayomlipa. Kazi yake ni kuandamana na mgonjwa, kumuulizia maswali na kuieleza familia aonwe na nani. Nikamwomba amtembelee mama mara moja tu. Alimkuta anatembea akishika ukuta, kidole cha mguu kimekuwa cheusi, amekifunga kitambaa. Wallahi nilipiga yowe kazini mpaka supavaiza akaja mbio.

Sasa mguu unatibiwa, lakini ada ya daktari inaisha mwezi huu na uwezo wetu ni wa mtu mmoja. Kaka anafoka, "Unamwacha daktari, unachukua mpambe?" Na kweli, kidonda kikiharibika ghafla, nesi hana dawa, daktari anayo. Mama naye hamtaki nesi hata kidogo. "Askari ni wewe," ananiambia. "Mimi sijaiba kitu cha mtu, sifuatwi."

Jana nikampigia. "Mama, mguu uko aje?"

"Mzuri."

"Mama, niambie ukweli."

Akauliza, "Na wewe huko, habari ya kazi?"

Nikasema nzuri. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, viatu nimevua, miguu imevimba, na ninalia.

Jamani nishaurini, nimshike yupi, daktari au nesi? Ila msiniambie nimuulize mama. Mnajua atakachojibu.