Sare ya Anga Aliyoishona Mjomba

Harufu ya kitambaa kizito kilicholowa, kikipitiwa na pasi ya mkaa, bado hunirudisha Mtua, kwenye kibaraza cha Mjomba Saidi, kaka yake mama, nilikoishi nikiwa na miaka kumi. Mama alikuwa Nachingwea mjini akihangaika na genge lake la mboga. Kwetu Wamwera mjomba ndiye mwenye mtoto, hivyo hakuna aliyeona ajabu.

Mjomba alikuwa fundi cherehani mstaafu wa jeshi, upande wa anga. Akishashiba, alisimulia sare kama wengine wanavyosimulia ukoo. Mwanzo, alisema, walivaa kaki ile ile ya askari wa nchi kavu, tofauti ilikuwa kofia tu. Kisha ikaja buluu, yenye kola pana kama masikio ya mbuzi. Baadaye kola zikapunguzwa, mifuko ikabadilishwa, na yale mabawa ya kifuani, aliyokuwa akiyadarizi kwa mkono mpaka machozi yanamtoka, yakaanza kuletwa ya chuma. "Nguo ya kuazima haisitiri matako," alipenda kumalizia, na mama akiwepo alimkaripia kwa kunifundisha lugha chafu. Karatasi ngumu alizokatia sare hizo alizihifadhi sandukuni. Nilizijua zote, na kwa bahati mbaya nilikuwa na mdomo.

Alasiri moja ya kiangazi, Mjomba akiwa ndani anaswali, alikuja mtu kwa pikipiki. Pamoja na vumbi lote lile jekundu, viatu vyake vilikuwa safi.

"Binti, ni kweli hapa wanajua kushona sare za marubani?"

"Mjomba anazijua zote!" nikasema, nikakimbia kumletea karatasi.

Mjomba alipotoka na kuziona mikononi mwa mgeni, uso ulimbadilika. "Sina ruhusa," alisema. "Sare ya jeshi hushonwa na jeshi."

Mgeni hakugomba. Alitabasamu, akanigeukia. "Unasoma wapi, mama?"

Nikamtajia shule. Akauliza huwa napita njia gani, nami nikamweleza yote, mpaka pale korongoni penye mikorosho iliyofungamana. Nilifurahi mtu mzima kunisikiliza namna ile. Akamtazama Mjomba kwa kitambo. "Nitaifuata Ijumaa," akasema.

Siku tatu cherehani haikupumzika, na Mjomba hakuimba hata mara moja. Alinizuia kwenda shule, eti nina homa. Nilijishika shingo, sikuona joto. Nikamwona anakata kwa ile karatasi ya kola ya masikio ya mbuzi, anadarizi mabawa kwa uzi.

"Mjomba, hiyo si waliiacha?"

Aliniziba mdomo kwa kiganja. Kisha akaendelea kudarizi.

Ijumaa mtu yule alichukua sare yake. Mlio wa pikipiki ulipopotea, Mjomba alinipeleka kwa mama, kisha akaenda polisi kwa miguu yake, akaeleza alichokishona. Wakamweka ndani.

Jumapili, kule Nanganga, mtu yule alisimama mbele ya wafugaji waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa, akawaambia eneo lao linakuwa uwanja wa ndege, ng'ombe wote wapakiwe kwenye malori aliyokuja nayo. Wakaanza kupakia. Nani angebishana na mabawa? Lakini kijana wao mmoja, askari aliyekuwa likizo, aliikazia macho ile kola.

"Afande," akauliza, "hiyo sare ulipewa mwaka gani?"

Jamaa akarukia lori. Polisi, ambao tayari walikuwa wanamsaka, walimkamata kabla hajafika Ruangwa mjini.

Mjomba aliachiwa baada ya wiki, lakini wateja hawakurudi. Mtu aliyelala mahabusu hapelekewi nguo za watoto. Aliuza cherehani, akaenda kulima Chiola. Nami kwa miaka mingi nilimwona mwoga. Niliwaambia wenzangu kwamba ningekuwa mimi, ningekataa.

Mwaka jana, nikimkatia mihogo shambani kwake, nilithubutu kumuuliza.

"Mbona hukukataa, Mjomba?"

Aliendelea kumenya. "Nilikataa. Hukunisikia? Ndipo akakuuliza wewe."

Kisu kilinisimama mkononi. Nilikumbuka nilivyomnyooshea yule mtu kidole, nikirudia mara mbili mahali pa kukata kona, nikiogopa asije akapotea.