Kiyoyozi Chini ya Kitambaa

Mama yangu aliposema, "Huyu mtoto nipeni mimi," hakuwa anaomba. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama yake, na bibi akimtaka mjukuu, baba wa mtoto hana pa kushika. Binti yangu alikuwa na miaka saba, na alikuwa na pumu. Mama alishuka kutoka Mgeta na furushi lake la maharage na kabichi, akamkuta mjukuu amekaa kitandani, mabega yamepanda, anaitafuta hewa. Akaanza: huku mjini joto na vumbi, kule juu baridi na hewa safi, mtoto apande mlimani akakae. Sikuwa na mtoto mwingine. Tangu siku hiyo kila gari lililosimama karibu na nyumba yetu lilinifanya nitoke nje kuangalia kama ni mama amekuja kumchukua.

Ilikuwa enzi za ruksa. Maduka yaliyokuwa matupu yalijaa vitu mpaka mlangoni, na kiwanda cha nguo alichofanyia kazi mume wangu kilipata wenyewe wapya. Wenyewe hao walianza kwa kupunguza watu, kisha wakaanza kuuza vitu vya zamani vya ofisini. Mume wangu, mtu wa Tabora aliyekuja Morogoro kwa ajili ya kiwanda hicho, alipunguzwa. Siku ya mwisho ya kazi alirudi na mkokoteni, na juu ya mkokoteni kiyoyozi cha dirishani kilichotoka chumba cha meneja. Wenzake walirudi na meza na makabati, vitu vya kueleweka. Nilijiandaa kumfokea.

"Mama yako si anataka baridi?" akaniwahi. "Baridi hii hapa."

Nililia kwa furaha palepale uani. Nikamshika binti yangu mikono yote miwili nikamwambia, "Sasa huendi kokote. Nimekuletea baridi ya kwa bibi humuhumu ndani."

Fundi alitoka upande wa Msamvu, akapasua dirisha la chumba chetu cha kulala, ambamo mtoto naye alilala kitanda chake, akakifunga kiyoyozi. Alipomaliza alifungua kifuniko cha mbele akavuta chujio, kitu chembamba kama wavu, akanionyesha. "Mama, hii kila baada ya wiki mbili itoe, ioshe kwa maji na sabuni, ikauke kabisa ndipo uirudishe. Na maji yanayodondoka yatoke nje, yasituame ndani." Nikaitikia, "Sawa, fundi," kama mtu anayeitikia hotuba. Macho yangu yalikuwa kwenye vile vitufe vinavyong'aa.

Wanawake wa wakati ule tulikuwa tunafuma vitambaa. Redio ilikuwa na kitambaa chake, friji chake, makochi vyao vya mgongoni na vya mikononi. Kuacha kitu cha thamani kikiwa wazi ilikuwa sawa na kumpokea mgeni hujavaa vizuri. Kwa hiyo nilifuma kitambaa cha kiyoyozi, cheupe chenye maua ya waridi, nikakitundika mbele yake kikashuka vizuri. Kiyoyozi kikiwaka, nilikikunja kitambaa pale juu panapotoka baridi, basi. Pale chini panapoingia hewa nilipaacha pamefunikwa, maana sikujua kwamba mashine nayo inavuta pumzi. Mume wangu alipokuja na bisibisi nilimfukuza. Kitu kizima unakifungua cha nini?

Halafu nikaziba matundu ya hewa ya juu ya madirisha kwa matambara, baridi isipotee. Majirani walikuja kwa zamu kukaa ukingoni mwa kitanda na kusema "Eh, kama Ulaya!" Mimi nilijifanya nimezoea.

Mtoto akazidi kuumwa. Hapo mwanzo kifua kilimbana mara moja kwa mwezi, au miwili ikapita salama. Sasa ilikuwa kila wiki. Naye alikuwa anaamka na macho mekundu na pua inayochuruzika. Nilipoona hivyo, niliongeza baridi. Nilichoma mto wa sufi. Nilianika magodoro, nilifua vyandarua, nilideki sakafu mara mbili kwa siku mpaka mikono ikachubuka. Nikagombana na jirani juu ya banda lake la kuku lililokuwa karibu na ukuta wetu, nikamwita mchafu mbele ya watoto wake. Alilihamisha banda. Sikuwahi kumwomba radhi, na alishahama.

Nilikuwa naogopa muda wote. Niliogopa nikipika, nikiwa sokoni, nikisali. Hospitali walimchoma sindano, akapata nafuu, nikamrudisha chumbani kwenye baridi. Siku moja nesi aliniuliza, "Nyumbani mmeongeza kitu gani siku hizi? Zulia? Paka? Blanketi jipya?"

"Hakuna, dada," nikamjibu, na sikuwa nadanganya. Kiyoyozi kwangu kilikuwa dawa, na nani anahesabu dawa?

Mwezi wa tatu tangu kiyoyozi kifungwe, mama alikuja akakuta midomo ya mjukuu wake imebadilika rangi. Alimbeba mgongoni tukampeleka hospitali. Alikaa naye huko siku mbili, akishika mkono wake, na alipotoka naye alikwenda moja kwa moja kwenye gari la Mgeta. Nilikimbia nyumbani nikakunja magauni manne, nikamkabidhi kabla gari halijaondoka. Binti yangu hakulia wala hakunishika, na hilo liliniuma kuliko kama angepiga kelele.

Baada ya wiki mbili kondakta wa lori la mboga aliniletea salamu: mtoto mzima, anakwenda mtoni na wenzake, anapanda mlima na ndoo kichwani. Nilimshukuru, nikaingia jikoni, nikalia kwa hasira. Nilimwonea wivu mama yangu mzazi. Kilichokuwa kinaniua siyo kwamba mtoto anaumwa, ni kwamba amepona bila mimi.

Mimi nikiwa na hasira, nafua. Nilianza na mapazia, nikaja kwenye vitambaa vyote, mwisho nikafika kwenye kile chenye maua ya waridi. Nilipokigeuza, upande wa ndani ulikuwa mweusi na ulinuka kama gunia lililolowa. Nikavuta kifuniko cha mbele kwa nguvu mpaka kikakatika kipande kimoja. Chujio halikuonekana. Kilichokuwepo ni vumbi lililoshikana likawa zito kama blanketi, na ndani yake nyuzi nyeupe za pamba za kiwandani, za tangu enzi za meneja. Kwa ndani zaidi maji yalikuwa yametuama, na ukungu mweusi umetambaa kila mahali. Nilikohoa mpaka nikakaa chini. Kitanda cha mtoto kilikuwa hatua mbili kutoka hapo.

Fundi alikuja mchana uleule. Hakunikumbusha alichoniambia, na ningefurahi kama angenisema. Alisafisha kwa brashi, akazibua tundu la maji, akakiinamisha kiyoyozi kidogo kuelekea nje. Chujio nililiosha mwenyewe, nikalianika kivulini, nikasimama nalo mpaka likakauka. Matambara niliyachomoa, madirisha nikayafungua. Kitambaa nilikitupa shimo la taka.

Nilipanda Mgeta kumfuata, na tulishuka naye wiki hiyohiyo. Hakurudi tena kwa bibi yake ila kwa likizo. Pumu haikuisha, ila ilirudi kuwa ile ya zamani, na kila Jumamosi ya pili aliniona nimepanda kiti nachomoa chujio.

Lakini kabla hatujashuka nilimkalisha barazani kwa mama nikamweleza kila kitu, jinsi mashine ilivyokuwa chafu na kwamba kosa lilikuwa langu. Mama alikuwa pembeni anachambua maharage. Binti yangu alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuwa najua, mama," akasema. "Ikiwaka tu, kifua kinabana. Ikizimwa kinaachia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema ukiniletea baridi siendi kwa bibi. Nikaona nikisema inanibana utaitoa, halafu nitapelekwa." Alimtazama bibi yake kwa aibu, akainamisha kichwa. "Nikawa navuta pumzi kidogo kidogo tu, mama. Ili usisikie."