Jumapili za Kuupinda Mpira

Mume wangu alifundisha gofu miaka mingi kabla kiharusi hakijampooza upande wa kushoto. Alianza kwa kuwabebea wachezaji mifuko ya fimbo, akajifunza kwa kuwatazama, mwisho wakawa wanamwita yeye awaelekeze. Mimi mchezo wenyewe sikuwahi kuujali. Nauza viatu vya mtumba Mchikichini. Naamka kabla ya adhana ili niwahi robota la viatu likifunguliwa, na jioni nikirudi Buguruni ninachotaka ni ndoo ya maji na kitanda.

Alipotoka hospitali akawa mtu wa kukaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki. Maneno yalimtoka mazito, kama mtu mwenye chakula mdomoni. Wageni walikuja kumpa pole, wakawa hawaelewi anachojibu, wakapunguza kuja. Jumamosi moja nilikuwa nimetumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, akasema, "Kesho twende kiwanjani. Nikufundishe."

"Unifundishe nini, baba?"

"Kuupinda."

Nilijua anasema nini. Tangu tuoane alikuwa akinihadithia kwamba kupiga mpira ukanyooka ni jambo la kawaida; utamu ni pale unapotoka kulia kama umepotea, halafu wenyewe unarudi kushoto. Jumapili ndiyo siku yangu pekee ya kulala. Lakini tangu augue hakuwa ameomba kitu chochote zaidi ya maji na dawa, nikasema sawa.

Kiwanja chenyewe ni cha mpira wa miguu, vumbi tupu, na asubuhi mapema hakina watu. Alitembea na mkongojo, mkono mmoja begani kwangu. Mimi nilibeba kiti, fimbo moja ya chuma aliyobaki nayo, mipira kwenye kikapu, na kipande cha zulia cha kuwekea mpira ili fimbo isigonge kokoto. Nilivaa dera na raba.

"Miguu itazame kulia kwa goli," alisema akiwa ameketi. "Uso wa fimbo utazame goli. Halafu piga kufuata miguu."

Kwangu ilikuwa sawa na kuambiwa niende Ilala huku natazama Kariakoo. Mwili ulikataa. Nilipiga zulia, nikapiga vumbi. Nilipoupata mpira, ulikwenda kulia ukabaki hukohuko, mpaka kwenye ukuta wa kiwanja. Nikaufuata, nikarudi nao, nikapiga.

"Tena," alisema.

Zikapita Jumapili nyingi za namna hiyo. Malengelenge ya fimbo yaliota juu ya sugu za kamba za marobota. Kuna wiki mvua iliingia kwenye viatu vyangu vya kuuza pale sokoni, nikashinda siku zote navikausha na kuvipaka rangi upya. Jumapili yake mpira ukaenda ukutani kama kawaida. Aliposema "Tena," nililaza fimbo juu ya zulia.

"Nimechoka, baba. Wiki nzima nimesimama."

Alitazama kiwanja. "Na mimi nimechoka," akasema. "Kukaa."

Niliketi chini karibu na kiti chake mpaka jua likaanza kuchoma. Siku ile hatukupiga tena. Njiani, akisimama kila baada ya hatua chache, ndipo aliponiambia kosa langu. "Unaikaba fimbo, viganja havigeuki. Ishike kama mkono wa mtoto unapovuka naye barabara."

Jumapili iliyofuata nililegeza mikono. Mpira ukatoka kulia, nje kabisa ya mlingoti wa goli, nikawa nimeshasonya. Halafu ukainama hewani, taratibu, ukarudi, ukaangukia mbele ya goli. Hakushangilia. Alisema tu, "Umeona?" na macho yake yalikuwa na maji. Nilikuwa nimeona. Ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo, na mgongo wangu uliniuma vilevile.

Habari kwamba anafundisha tena zikamfikia mwenzake wa zamani wa kazini, akamwita arudi uwanja wa gofu awaelekeze wanafunzi kwa mdomo tu. Nilimpigia pasi shati, jirani akampeleka kwa bajaji. Nilipotoka sokoni nikamkuta kitandani, bado amevaa shati lile.

"Hawanielewi," alisema. "Kila neno wananiambia nirudie."

Nilimvua viatu. Nilimhurumia, na pamoja na huruma nikasikia uchovu mwingine, wa ndani. Niliona kwamba katika jiji zima lenye watu wote hawa, mtu anayesikia kila neno lake ni mimi, na kazi hiyo haina saa ya kufunga.

Sasa naupinda pande zote mbili. Ule wa kutoka kushoto kurudi kulia ulinisumbua zaidi. Siku hizi anataka mpira wa chini, unaoruka chini ya mwamba wa goli. Jumamosi iliyopita nilimwambia kesho nalala, nisiamshwe na mtu.

"Lala, mama," alisema.

Nilipofumbua macho jua lilikuwa limeshapanda. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshavaa viatu, amefunga kamba kwa mkono mmoja, ananisubiri kimya.