Barua ya Mturuki Aliyebaki Jeddah

Safari yangu ya Jeddah ilitokana na nyonga ya bibi mmoja. Mama yake madam alianguka bafuni, na ingawa hakuvunjika mfupa, hakuweza tena kuinuka kitandani peke yake. Madam akaniambia tutakwenda kumuuguza kwa wiki mbili. Nilikuwa katika mwaka wangu wa pili wa kazi za ndani nyumbani kwake pale Al-Suwaidi, Riyadh, na bahari sikuwa nimeiona tangu siku niliyopanda ndege. Nilifunga mzigo wangu kwa dakika kumi.

Ninyi wa nyumbani mnajua kazi niliyokuwa nikifanya kabla ya wakala kunitengenezea karatasi za kuja huku. Nilifundisha historia kule Voi, mwalimu asiye na cheti, na mada niliyoipenda kuliko zote ilikuwa dola ya Waturuki. Masultani wa Istanbul waliwatawala Wagiriki, Waarabu, Waarmenia, Wakurdi na Waserbia, na merikebu zao zilifika hadi Mombasa kabla Mreno hajajenga Fort Jesus. Wanafunzi wangu walisinzia. Mimi nilikuwa nikifundisha huku moyo unanidunda.

Saa kumi na moja alfajiri tulitoka Riyadh, baba, yaani mume wa madam, akiendesha, madam kando yake, mimi nyuma na chupa za chai. Jua lilipochomoza juu ya mchanga mwekundu nilithubutu kumuuliza baba kama Waturuki waliwahi kufika sehemu hizi.

"Walifika!" akasema. "Jeshi la sultani lilitoka Misri likaivunja Diriyah, mji wetu mkuu wa zamani, kwa mizinga. Sisi watu wa Najd, wa huku bara, hatujasahau."

Madam aligeuza uso dirishani.

Alasiri tulipita Taif, tukaanza kushuka mlima. Barabara inajikunja kama utumbo, masikio yanaziba, na nyani wamekaa ukingoni wakingoja maganda ya ndizi. Huko chini kuna kibao kinachogawa njia: Waislamu waendelee Makka, wasio Waislamu wazunguke. Mimi ni Mkristo, na kwa ajili yangu gari zima likazunguka.

"Leo Mercy ndiye mkubwa wa msafara," baba akasema, tukacheka wote, hata madam.

Magharibi tuliingia Jeddah. Niliteremsha kioo, hewa nzito ya chumvi ikanigonga usoni, nikapiga kelele kama mtoto. Mama yake madam aliishi ghorofa ya pili mtaa wa Kandara. Alikuwa mwembamba, nywele zimepakwa hina, na kila mtu alimwita Sitti, yaani bibi. Alinitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa.

"Miguu yako ina nguvu? Unaweza kupanda ngazi mbovu?"

Asubuhi nilielewa. Nyumba alimozaliwa Sitti iko Balad, mji wa kale, na watu wa baladia, yaani manispaa, walikuwa wameibandika karatasi: ukuta umepasuka, inafungwa Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Juu kabisa kulikuwa na sanduku la babu yake. Babu huyo alikuwa askari wa Kituruki. Dola iliposhindwa vitani na wenzake wakarudishwa kwao, yeye akabaki.

"Utotoni wasichana waliniita mjukuu wa mtoro," Sitti alisema. "Nataka sanduku lake kabla sijafa."

"Mama, halas, basi," madam akamjibu. "Mambo ya Waturuki yalikwisha. Mume wangu ni mtu wa Najd. Unataka watu waseme nini?"

Hapo nikajua kwa nini aligeuza uso garini.

Lakini bibi alikataa kula hadi binti yake akakubali. Jumatano, baada ya sala ya asubuhi, tulimweka kwenye kiti cha magurudumu tukaenda. Jamani, Balad! Nyumba za mawe ya matumbawe, ghorofa nne, tano, na madirisha ya mbao yaliyochongwa kama lesi yakining'inia juu ya vichochoro. Wao huyaita roshan, karibu sawa na roshani yetu. Nilitembea mdomo wazi.

Ngazi zilikuwa mbovu kweli. Madam alipanda tano akarudi. Mimi nilipanda nikijibana ukutani, chokaa ikinidondokea, na ghorofa ya tatu ubao mmoja ulikatika chini ya mguu wangu ukaanguka hadi chini. Nilisikia madam akipiga yowe, "Mercy! Shuka! Mafi sanduku, hakuna sanduku, shuka!" Alikuwa na hofu kweli, na hofu yenyewe ilikuwa juu yangu. Lakini mlango nilikuwa nauona. Nikapanda.

Sanduku lilikuwa dogo kuliko nilivyodhani, nikalishusha kwa kulikumbatia. Ndani mlikuwa na mkanda wa ngozi, vifungo vya shaba, na karatasi moja iliyokunjwa, imeandikwa kwa hati za Kiarabu. Sitti aliisoma, akakunja uso.

"Nazijua herufi zote," alisema, "lakini sielewi neno. Labda ni dua ya siri."

Adhuhuri tulirudi Kandara. Chini ya jengo letu kuna fundi cherehani anayeitwa Bwana Seif. Wazazi wake walimleta kutoka Unguja akiwa mdogo, baada ya mapinduzi, na Kiswahili chake bado kinanukia kwao. Alikuwa amenisikia nikiongea kwenye simu akaniita mwanangu tangu siku ya kwanza. Nikampelekea karatasi ile, Sitti na madam wakija nami.

"Hebu nione, mwanangu." Akavaa miwani. "Ala! Hii si dua, wala si Kiarabu. Mamaangu akiandika kwa hati hizi hizi, maneno Kiswahili. Basi na huyu kaandika Kituruki chake."

Akampigia simu rafiki yake, kinyozi Mturuki wa mtaa wa Bani Malik. Kinyozi akaja mbio na mkasi mfukoni, akaitazama barua, akakwama.

"Kwetu herufi hizi ziliachwa zamani," alisema kwa Kiarabu chake kizito. "Mimi nasoma za Kilatini tu."

Akairudisha barua mezani. Kisha Bwana Seif akasema, "Mimi nitasoma kwa sauti. Wewe usitazame, sikiliza."

Wasomaji wangu, hicho ndicho kitu kilichonisisimua kuliko vyote nilivyoona Arabuni. Sitti kwenye kiti chake, madam amesimama mlangoni. Mzanzibari anasoma lugha asiyoijua, anakosea, anarudia. Mturuki amefumba macho, ghafla anaruka: "Ana! Ni mama! Anamwandikia mama yake!" Maneno mengine, yale yaliyotoka kwenye Kiarabu, Sitti aliyadaka mwenyewe. Bwana Seif akasoma "efendi," nami nikapiga kelele, "Afande!" Wote wakanigeukia. Nikawaeleza kwamba kwetu polisi humwita mkubwa wake hivyo. Kinyozi akanipa mkono kama ndugu aliyepotea.

Mstari kwa mstari barua ikafunguka. Aliugua homa, na wenyeji wa Jeddah wakamuuguza. Akamwoa binti yao. Vita vilipokwisha ikaja meli ya kuwachukua waliosalia, na efendi wake akaandika jina lake kwenye orodha. Kinyozi akatafsiri sehemu ya mwisho polepole: "Mama, nilifika bandarini na mzigo wangu. Mtoto wangu alikuwa amenishika kidole. Nikageuka. Jina lake Nazli, kama wewe. Usiningojee."

Nazli huyo ndiye aliyemzaa Sitti. Bibi alifunika uso kwa mikono miwili, na alipoitoa alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Hawakumjua," alisema. "Wote walioniita mjukuu wa mtoro hawakumjua."

Madam alikuwa amekaa chini, juu ya vitambaa vya cherehani. "Lakini barua iko hapa," alisema taratibu. "Hakuituma. Mama yake hakujua kitu."

Sitti aliichukua barua, akaikunja upya kama ilivyokuwa.

Baada ya wiki mbili Sitti aliweza kutembea kwa mkongojo, na baba akaja kutoka Riyadh kutuchukua. Madam alimsimulia habari yote kabla hatujafika Taif. Nilimngoja baba akasirike. Akalipita lori lililokuwa mbele yetu, kisha akasema, "Mtu anayeshikwa kidole na mtoto wake, aende wapi?"

Darasani nilikuwa nikichora dola ile ubaoni, rangi moja juu ya nchi nyingi, kisha nafuta. Jeddah imenifundisha kwamba dola ikifutwa, watu wake hubaki pale ilipowaacha, wanaoa, wanazeeka, na mahali fulani kuna mtu anawangoja. Nikirudi kufundisha nitaanza na huyo anayengoja.

Tulisimama kujaza petroli katikati ya jangwa. Baba alikwenda kusali. Madam akageuka kitini.

"Mercy," akasema, "mama yako anaitwa nani?"

Karibu miaka miwili nimekula chakula chake, na ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza. Nikamwambia anaitwa Mghoi, na akalirudia mara tatu mpaka akalitamka sawasawa.