Walinda Moto wa Mlima Nantambo

Siku ya kwanza nilipofika kazini katika mlima Nantambo nilikuwa nimevaa kanzu na makubadhi. Msinicheke, wajukuu zangu. Nilikuwa mtu wa Kilwa Kivinje, nimekulia penye mchanga na chumvi, na kwetu mtu akiitwa kwenye kazi ya serikali huenda amependeza. Lori lilitushusha Kipatimu, karibu na misheni, tukaambiwa kuanzia hapo hakuna njia ya gari. Tukapanda milima ya Umatumbi kwa miguu tangu asubuhi hadi jua lilipopinda. Nilipoingia kambini pindo la kanzu lilikuwa limechanika, na kubadhi moja nilikuwa nimeliacha kwenye tope la kijito.

Mtu mmoja mfupi, kifua kipana, panga kiunoni, alinitazama kutoka juu mpaka chini.

"Wewe umekuja kuoa au kufyeka?"

"Shikamoo. Nimekuja kazini."

"Marahaba. Basi hiyo nguo ya sikukuu ivue, uitunze ya kurudia kwenu. Jina lako nani?"

"Shabani."

"Shabani, leo utalala karibu na moto. Watu wa pwani hawaijui baridi ya huku."

Huyo alikuwa Yohana Mbonde, mnyapara wetu, yaani msimamizi wa vibarua. Alikuwa Mmatumbi wa upande wa pili wa Kipatimu, Mkristo, mtu wa maneno machache na kicheko kikubwa. Usiku ule nilitetemeka mpaka nikadhani nimepata homa. Yeye ndiye aliyenitupia blanketi lake la pili.

Miaka hiyo ilikuwa ya Mwingereza, muda si mrefu baada ya Vita vya Pili. Juu ya Nantambo kulikuwa na msitu wa serikali, mkubwa, wenye mivule na mikongo, mbega juu ya matawi na tembo waliopita kwa njia zao. Hakuna aliyeruhusiwa kulima humo wala kukata mti. Msitu wote uliwekwa chini ya mkubwa wa kizungu aliyekaa Lindi, ambaye watu walimwita Bwana Miti, kama vile mkubwa wa wilaya alivyoitwa Bwana Shauri. Pale mlimani palikuwa na Mlinzi mmoja wa kudumu, mwenye sare na kofia. Sisi wengine tulikuwa watu wa kiangazi tu. Masika yakiisha tuliandikwa, na mvua za mwanzo zikinyesha tulirudi makwetu. Kila mmoja alipewa kipande, kadi ya kibarua iliyotiwa alama kila siku aliyofanya kazi.

Kazi yetu ilikuwa moto. Nyasi zilipokuwa bado na ubichi kidogo tulichoma moto wa mapema, moto mdogo unaotambaa polepole, ili moto mkubwa wa baadaye ukose chakula. Kisha tulifyeka mkingamoto, ukanda mpana unaouzunguka msitu wote kama mshipi, tukaufagia kwa matawi mpaka udongo ukabaki mtupu. Baada ya hapo ilibaki kukaa macho. Juu ya jabali tulijenga kichanja cha miti, na kila siku mmoja wetu alikaa huko kutazama moshi, pembeni yake limetundikwa debe tupu la kupiga akiuona.

Nikisema ukweli, siku hizo nilizipenda kuliko nilivyowahi kumwambia mtu. Asubuhi ukungu ulijaa mabondeni hadi vilele vikawa kama visiwa, nikawa kama niko kwetu natazama bahari. Niliswali juu ya bapa la jiwe, na Mbonde alipiga ishara yake ya msalaba chini ya mkongo, halafu tulikutana kwenye chungu cha uji. Wenzangu walinifundisha kula mboga ya majani ya kunde bila samaki, jambo nililoliona kuwa adhabu mwanzoni. Jioni zilijaa hadithi, na Mbonde aliwaiga wakubwa wote waliowahi kumwamuru, mmoja mmoja, kwa sauti na kwa mwendo.

Nyumbani Kivinje mke wangu Mwanahamisi hakuipenda kazi hiyo.

"Wenzako wakisafiri hurudi na nguo za madukani," aliniambia kila niliporudi. "Wewe unaniletea harufu ya moshi."

"Na asali je?"

"Asali nimeiona. Mume ndiye simwoni."

Alisema hivyo huku akinichemshia maji ya kuoga. Kiangazi kilichofuata, majani yakianza kukauka, miguu yangu yenyewe ilianza kuwasha.

Sasa niwaeleze kuhusu Kingumbe, maana ndiko lilikotokea jambo lililobadilisha maisha yetu. Kingumbe kilikuwa kijiji kidogo mteremkoni, chini ya mkingamoto wetu. Juu yake msitu, chini yake bonde la nyasi ndefu. Mpaka wa msitu ulipopigwa, watu wake waliachwa nje, wakaendelea kulima mpunga na mtama. Hawakuwa ndugu za Mbonde wala zangu. Tulizoeana nao kwa kununua mihogo.

Bwana Miti alikuja kila mwanzo wa kiangazi. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, anayepanda mlima bila kuhema, na kila mvule aliufahamu kana kwamba aliupanda yeye. Alitukusanya na kutupa amri, kwa Kiswahili kilichonyooka.

"Mkiona moto unapanda kutoka bondeni, msingoje. Washeni moto wa kukabili mara moja."

Moto wa kukabili ni moto unaouwasha wewe mwenyewe kwenye ukingo wa chini wa mkingamoto. Unashuka ukila nyasi, unakutana na ule unaopanda, na yote miwili inakufa kwa kukosa kitu cha kula. Ni dawa kali na inafanya kazi. Lakini upande wa kusini, kati ya mkingamoto na bonde, ndipo palipokuwa na Kingumbe.

Mwaka mmoja masika yalikatika mapema na nyasi zikakauka kabla hatujamaliza moto wa mapema. Mchana mmoja nilikuwa kichanjani nikaona moshi bondeni. Haukuwa moshi mweupe wa mtu anayechoma takataka za shamba. Ulikuwa mweusi, mzito, na upepo ulikuwa umeulaza upande wetu. Nilipiga debe mpaka mkono ukafa ganzi, kisha nikashuka mbio.

"Uko wapi?" Mbonde aliniuliza.

"Chini ya Kingumbe. Unapanda."

Mlinzi wa msitu alikuwa tayari ameshika kiberiti na bua kavu. "Tuwashe," alisema. "Amri mmeisikia."

"Kingumbe kuna watu," alisema Mbonde.

"Watakimbia."

"Wakimbilie wapi? Chini kuna moto ule, juu utakuwepo wetu."

"Mnyapara, msitu ukiungua utamwambia nini Bwana Miti?"

Mbonde alinyoosha mkono. "Lete kiberiti."

Mlinzi alimpa, akidhani anataka kuwasha mwenyewe. Hata mimi nilidhani hivyo. Mbonde akakitia mfukoni mwa shati, akafunga kifungo.

"Hakuna atakayewasha hapa mpaka watu wa Kingumbe wawe wamesimama nyuma yangu. Shabani, chukua wenzako, mshuke. Wengine panueni mkingamoto, fagieni!"

Nilishuka mbio. Joto lilikuwa limeshafika kijijini, na majivu yalianguka juu ya mapaa. Wanawake walikuwa wanafunga watoto migongoni, kuku wanaruka, mbuzi wanalia. Wengi walianza kupanda tulipowaonyesha njia. Lakini katika nyumba ya mwisho alikuwapo Bibi Somoe, mkongwe aliyepooza miguu, ameketi juu ya kitanda chake cha kamba, na wanawe walikuwa wameenda Kivinje kuuza mtama.

"Mimi siendi," aliniambia. "Nilikimbizwa na Wajerumani nikiwa na miguu. Leo sina miguu, nikimbie nini?"

"Bibi, wewe hukimbii. Tutakaokimbia ni sisi."

Tukakiinua kitanda pamoja naye. Alidai kwanza apewe kibuyu chake cha mbegu ya mpunga, akakikumbatia, na njia nzima alitugombeza. "Mnanipepeta! Mimi ni mpunga? Wewe wa pwani, pandisha upande wako!" Nilikuwa nimeshikwa na hofu, na bado nilicheka. Nyuma yetu nilisikia mapaa ya Kingumbe yakianza kushika moto, moja baada ya jingine, kwa mlio kama wa kitambaa kinachochanwa.

Juu, Mbonde aliwaita wakuu wa nyumba kwa majina. Mwanamume mmoja akapiga kelele kwamba mkewe alikuwa ameenda mtoni kuchota maji. Mlinzi akamshika Mbonde bega, sauti yake sasa ya kuomba, si ya kuamuru. "Bwana Mbonde, nakusihi. Tumechelewa."

"Najua tumechelewa."

Tukangoja. Sijui tulingoja kwa muda gani. Kisha yule mama akatokea kwenye moshi, kanga imelowa maji, amejifunika kichwa, anatambaa karibu na ardhi. Mumewe alimvuta mkono akampitisha mkingamoto. Hapo ndipo Mbonde alipofungua kifungo cha mfuko.

Moto wetu uliokoa sehemu kubwa ya mlima. Lakini upande wa kusini cheche zilivuka, zikaingia kwenye mivule mikubwa, ile ambayo watu kadhaa wakishikana mikono hawauzunguki hata mmoja. Tulipigana nao kwa matawi mabichi na udongo, pamoja na watu wa Kingumbe wenyewe, mpaka siku ya pili. Ulipozimika, pale palipokuwa na kivuli tangu enzi za mababu palibaki peupe. Nilimwona Mlinzi ameketi juu ya gogo, analia kama mfiwa. Sikumchukia. Aliupenda ule msitu.

Bwana Miti alifika kutoka Lindi baada ya siku chache. Alitembea peke yake kwenye majivu, akarudi kambini, nguo zake zimejaa masizi. Watu wa Kingumbe walikuwa bado wanakaa nasi. Bibi Somoe alikuwa kwenye kitanda chake, anachagua mawe kwenye kunde.

"Nani alizuia moto wa kukabili?"

"Mimi, Bwana," alisema Mbonde.

"Amri yangu uliisikia?"

"Niliisikia."

Bwana Miti aliwatazama watoto waliokuwa wakicheza kwenye majivu.

"Ningekuwa hapa, huenda nami ningefanya kama wewe. Lakini sikuwapo, na amri ilikuwa yangu. Siwezi kuwa na mnyapara anayechagua amri ya kuitii."

"Nimeelewa, Bwana."

"Kazi yako hapa imekwisha."

Mbonde aliingia kibandani, akakunja mablanketi yake, akatoka. Bwana Miti akanigeukia mimi, akasema tangu siku ile mimi ndiye mnyapara. Nilimkimbilia Mbonde njiani.

"Kaka, nitakataa. Siwezi kula kwenye sahani yako."

"Ukikataa ataletwa mtu asiyewajua hawa watu," alisema. "Usinitie huzuni juu ya huzuni. Rudi ufanye kazi."

"Wewe utafanya nini?"

"Nitalima. Kwani nilizaliwa mnyapara?" Alicheka, lakini kile kicheko chake kikubwa hakikuja. Aliteremka bila kugeuka.

Kabla Bwana Miti hajaondoka nilimwomba jambo moja: tufyeke mkingamoto wa pili, chini ya Kingumbe, ili kijiji kiwe ndani ya ulinzi na si katikati ya mioto miwili. Alisema hana vibarua wa ziada. Nikamwambia watu wa Kingumbe wataufyeka wenyewe. Alifikiri kidogo, akachukua fimbo, akanichorea chini pa kuupitisha. Ukafyekwa mwaka uleule, na mvua zilipoanza kijiji kizima kilipanda mlimani kupanda miche ya mivule palipoungua. Hakuna aliyewaamuru.

Nilikuwa mnyapara viangazi vingi. Mara moja nilipelekwa uwanda wa Rondo, nyuma ya Lindi, na kiangazi kimoja porini kuelekea Likawage, ambako tulilala juu ya vichanja kwa kuogopa simba. Wakubwa walibadilika, Bwana Miti wa mwisho niliyemtumikia alikuwa Mwafrika mwenzetu. Mwanahamisi alichoka kuningoja, akanifuata Kipatimu, na mwaka wa pili yeye ndiye aliyekuwa akiwacheka wageni wanaotetemeka.

Mbonde nilimtembelea shambani kwake kila msimu. Tulizungumza habari zote isipokuwa za mlima, na kila nilipomkaribisha kambini alisema ana palizi. Kiangazi changu cha mwisho, mwili ulipokwisha kukataa miteremko, nilimwambia, "Kaka, mwakani sipo. Twende mara moja." Akavaa viatu.

Tulipanda polepole, wazee wawili wenye fimbo, mpaka upande wa kusini. Mivule ilikuwa imetuzidi urefu, imesimama kwa safu zisizonyooka, kama ilivyopandwa na watu waliokuwa na haraka ya mvua. Mbonde aliushika mmoja, akautikisa kidogo kama mtu anayesalimiana. Chini yetu moshi wa mchana ulikuwa ukipanda kutoka majikoni Kingumbe, na sauti ya mwanamke ilisikika ikiita watoto waje kula.

"Ni hapa," alisema.

"Ni hapa, kaka."

Aliketi chini, akavua kofia. Nami niliketi pembeni yake, nikamwacha asikilize.