Lundo Lililoacha Kutoa Moshi

Siku yangu ya kwanza kazini, kiwandani Kibaha, nilifika na digrii ya uhandisi, viatu vinavyong'aa na kipimajoto cha kulenga kama bastola. Msimamizi wa zamu, Mzee Mwinyimvua wa Chole, Kisarawe, aliitikia shikamoo yangu huku akitazama viatu.

Kiwanda kilijizalishia umeme kwa makapi, yaani vumbi na mawe meusi ambayo wachimbaji wa makaa ya mawe huko kusini waliyatupa zamani. Tuliyasaga, tukayachoma chini ya boila, na mvuke ukazungusha mashine. Ila makapi hayangoji kiberiti. Yakilundikwa hupata joto ndani kwa ndani hadi yakawaka yenyewe. Kila asubuhi Mzee alichomeka nondo kwenye lundo, akahesabu hadi mia, akaichomoa na kuishika. Isiposhikika, tunafukua hapo. Mimi niliuona ushamba.

Siku moja lundo lilifuka moshi, na meneja alikuwa na wageni. Mzee, ambaye kwao alichoma mkaa, akasema tuzibe kwa udongo kama tanuri linalovuja. Moshi ukaisha. Kumbe chini lundo liliendelea kuvuta hewa na kuungua.

Wiki iliyofuata, kabla Mzee hajafika, nililenga kipimajoto changu kwenye ule udongo, nikamwambia Rehema, dereva wa kijiko cha kuzolea makapi, kwamba pamepoa. Kweli, udongo ulikuwa umepoa.

Akapanda. Magurudumu ya mbele yakatitia, na kwenye ufa nikaona wekundu. Alijaribu kurudi nyuma, akazidi kuzama. Mzee ndiye aliyetokea akiburuta ubao, akaulaza nyuma ya kijiko.

"Zima, mwanangu. Usiruke. Pita nyuma, kanyaga ubao."

Alipofika chini, tairi zilikuwa zimeshika moto. Mzee alisema udongo ule ulikuwa kosa lake. Rehema alikuwa ananitazama mimi.

"Injinia, si ulisema pamepoa?"

"Nilisema."

Rehema alirudi kazini kwa sharti moja: juu ya lundo nitangulie mimi kwa miguu. Nilitangulia kila asubuhi hadi nilipostaafu kwa hiari, nikiwa na miaka hamsini na mitano. Vijana wa hapa Visiga, ninakoishi sasa, huniuliza kama kazi ile ilihitaji ujasiri. Sijui. Mimi nilikwenda nikiogopa kila hatua.

Siku ya kuniaga, keki ikikatwa, Rehema alinivuta pembeni akauliza kesho anatangulia nani. Nikamtaja injinia mpya.

"Anaogopa?"

"Bado."

Akaweka funguo za kijiko mezani, akaenda kuvua nguo za kazi.